Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza: Uainishaji wa Majina ya Biashara Moja

Wahenga waliotuachia methali ya "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" walikuwa wakizungumzia bidhaa za sokoni, au ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kwa mtafiti makini, hata hivyo, hili ndilo andiko kongwe la Kiswahili kuhusu ukahaba. Lina vitenzi viwili tu, kujiuza na kujitembeza, na vyote viwili leo hutamkwa na kamanda wa polisi mbele ya waandishi wa habari. Tofauti ni moja: wahenga walikisifu cha kwanza na kukicheka cha pili, sisi tumevitia vyote pingu. Makala haya yanachunguza tulifikaje hapo.

Tatizo la utafiti ni hili. Tuna kitendo kimoja, noti zilezile na chumba kilekile, lakini majina yake hayaishi. Kuna kahaba, malaya, changudoa, dada poa, mdangaji, kimada, hawara, nyumba ndogo, mchepuko na kiruka njia. Ukivuka Namanga unapokewa na poko na lanye, ambaye si mwingine bali ni malaya kwa ulimi wa vijana wa Sheng. Ukiingia ofisini unamkuta mfanyakazi wa ngono, na kwenye ripoti ya wafadhili anayeyuka kabisa na kuwa "kundi maalumu". Sampuli zetu zilikusanywa kwenye daladala, saluni, mahakamani, kanisani na warshani, kwa njia ya kusikiliza mazungumzo yasiyotuhusu, ambayo ndiyo mbinu ya utafiti inayotumika zaidi nchini na isiyohitaji kibali.

Nadharia tunayoitetea ni kwamba jina halifuati kitendo. Linafuata mambo mawili: malipo yanapishana kwa muda gani, na mhusika anasimama umbali gani kutoka barabarani. Mengine yote, pamoja na maadili, ni maelezo ya baadaye.

Kigezo kilichoshindwa

Mwanaisimu yeyote angeanza na ngeli, nasi tulianza nazo. Mwanzoni matokeo yalitia moyo. Ngeli ya M-WA, makao ya watu wenye hadhi yao kamili, imejaa wateja, wapenzi, wachumba na wafanyabiashara. KI-VI, ngeli ya vitu vidogo na vya kudharaulika, imempokea kimada na kiruka njia. Kisha tukafika kwenye majina yenye wingi wa MA-, na hapo tukadhani tumevumbua jambo: kahaba, makahaba, changudoa, machangudoa, sawasawa na jambazi, majambazi, fisadi, mafisadi, kuwadi, makuwadi. Lugha, tukaandika kwa wino mwekundu, imewafungia wote kwenye selo moja.

Tulipoendelea na orodha tukakutana na hakimu, mahakimu. Akafuata daktari, madaktari. Akafuata waziri, mawaziri. Tulipofika kwa askofu, maaskofu, tukaona heri kusimamisha kigezo hicho kwa heshima ya kanisa. Isitoshe, upatanisho wa sentensi uligoma kutusaidia: kahaba amefika, askofu amefika, makahaba wameondoka, maaskofu wameondoka. Sarufi ya Kiswahili inamhesabu kila mmoja wao kuwa mtu, bila kuuliza alikuwa wapi jana usiku. Kama kuna ubaya katika majina haya, haukuingilia mlango wa sarufi.

Kanuni ya kwanza: muda wa malipo

Anayelipwa kwa saa huitwa changudoa au malaya. Anayelipwa kwa usiku mzima ana nafasi ya kuitwa dada poa. Anayelipwa kwa mwezi, kwa sura ya kodi ya nyumba, umeme wa Luku na ada ya mtoto, huitwa nyumba ndogo, na majirani humsalimia kwa jina la mwanawe mkubwa. Yule ambaye malipo yake yalitolewa mara moja tu, mbele ya wazee, yakiwa na mkaja na blanketi la bibi ndani yake, huitwa mke. Kadiri malipo yanavyopishana kwa muda mrefu, ndivyo jina linavyopanda hadhi.

Sisemi kwamba ndoa ni ukahaba. Mwingereza Mary Wollstonecraft alishayasema hayo katika karne ya 18, tena kwa ukali zaidi kuliko anavyoweza kuthubutu mtu mwenye wakwe walio hai. Ninachosema ni kwamba kalenda ina nguvu kubwa katika msamiati wetu kuliko tunavyokiri.

Kielelezo bora cha kanuni hii ni mdangaji. Neno kudanga limeenea Tanzania miaka ya karibuni kwa kasi ya kushangaza, na siri ya kuenea kwake ni kwamba mwanamke anaweza kulitamka mwenyewe huku akicheka. "Shoga, nimepata danga" ni sentensi inayosemwa saluni, mashine ya kukaushia nywele ikiunguruma, na waliopo wanauliza danga lina gari gani. Hakuna aliyewahi kusema hivyo kuhusu mteja. Je, tofauti ni nini? Danga hulipa bila ratiba, kwa mkupuo, na kila malipo yana sababu yake: simu imepasuka kioo, nywele zimechakaa, mama mgonjwa kijijini. Sababu ndiyo inayoosha fedha. Mwanamke anayetaja bei ni malaya. Anayetaja shida ni mpenzi mwenye shida.

Kabla ya danga alikuwapo buzi, na kazi ya mwanamke ilikuwa kumchuna. Kenya yupo sponsa, aliyeazimwa kutoka kwenye ufadhili wa masomo na mpira wa miguu, na yupo mubaba, ambaye kiambishi chake kimejaa shibe. Tazama majina haya yote yanavyofanya kazi. Mwanamume ndiye mnyama, ndiye anayechunwa na kuchekwa. Mwanamke amegeuka mwindaji. Kwa hiyo kijamii jambo hili limekwisha kukubalika, ila limepitia mlango wa vichekesho badala ya mlango wa sheria, na mtu akicheka huwa amekwisha kuruhusu.

Ushahidi wa maandishi wa kanuni hii haupo maktaba. Upo mapokezi ya gesti, kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isisafiri. Daftari la wageni la gesti ya Tanzania lina safu za jina, kabila, atokako, aendako, kazi, namba ya chumba na saini. Isome safu ya kazi kuanzia juu hadi chini: mfanyabiashara, mkulima, mfanyabiashara, dereva, mfanyabiashara, mtumishi. Halafu soma atokako na aendako za mchana. Bwana huyu ametoka Dar, anaelekea Dar, na saa nane mchana amejikuta gesti ya Dar. Aliyefuatana naye hana jina, hana kabila, hana kazi. Ameandikwa "na mwenzake". Dada wa mapokezi haulizi lolote kati ya hayo. Anauliza swali moja tu, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Mnalala au mnapumzika?" Kupumzika ni rahisi kuliko kulala. Kitenzi chenye staha kuliko hicho sijakutana nacho, na kimebuniwa na watu ambao hawakuhudhuria warsha yoyote.

Kanuni ya pili: umbali kutoka barabarani

Hapa sina budi kumpisha mtafiti wa kweli. Mwaka 1990 mwanahistoria Luise White alichapisha Chicago kitabu cha The Comforts of Home, kuhusu ukahaba katika Nairobi ya wakoloni. Alikuwa amekaa na wazee, wengi wao wanawake wa Pumwani, akawasikiliza wakieleza kazi waliyoifanya ujanani. Uainishaji wake, tofauti na huu wetu, haukubuniwa mezani. Ulikuwa wa wanawake wenyewe, tena kwa Kiswahili: watembezi, malaya na wazi-wazi.

Watembezi walitembea. Walimtafuta mwanamume njiani, wakapatana naye bei, wakaachana. Malaya hakutembea. Alikaa chumbani mwake akangoja mlango ugongwe, na aliyeingia alikuta chai, maji ya kuoga, chakula na kitanda kilichotandikwa. Angeweza kulala hadi asubuhi na kuondoka ameshiba. Alilipia yote hayo, lakini kimyakimya, na jirani wa chumba cha pili hakusikia hesabu. Wazi-wazi, wengi wao Wahaya waliotoka upande wa Bukoba, walikaa nje ya milango yao na kuitangaza bei kwa sauti.

Kwa masikio ya leo ajabu ni kwamba malaya ndiye aliyekuwa mwenye staha. Neno ambalo sasa hutupwa kwenye daladala kama jiwe, katika simulizi zile ni jina la namna ya kufanya kazi: ndani, kwa adabu, na mlango ukiwa umefungwa. Malaya waliwalaumu wazi-wazi kweli, lakini si kwa kitendo, maana kitendo kilikuwa kimoja. Waliwalaumu kwa kuitaja bei ikasikika. (Mshairi Okot p'Bitek alipochapisha Song of Malaya mwaka 1971, kwa Kiingereza, hakulitafsiri jina hilo. Nadhani alijua angepoteza chai na maji ya kuoga.)

White hakuishia kwenye adabu. Alitazama fedha zinakwenda wapi, na hapo ndipo majina yanapofumbuka. Wazi-wazi wa Kihaya walikuwa wakitafuta fedha za kurudi nazo kwao. Sifa mbaya Pumwani haikuwagharimu kitu, kwa kuwa hawakuwa na nia ya kuzeekea Pumwani. Malaya alitaka kubaki. Fedha yake ilikwenda kwenye nyumba, na katika vijiji vya mwanzo vya Waafrika wa Nairobi, kama Pangani na baadaye Pumwani, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Mtu anayetaka kuwa mama mwenye nyumba, kuheshimiwa na wapangaji na siku yake ikifika kuzikwa na majirani, hawezi kupiga kelele za bei mlangoni. Staha ilikuwa sehemu ya mtaji wake kama kitanda kilivyokuwa.

Na serikali? Serikali ya kikoloni ilimlipa mwanamume wa Kiafrika mshahara wa mtu mmoja, ikampa nafasi ya kulala ya mtu mmoja, na ikamhesabu kuwa mpita njia ambaye mkewe yuko shamba. Mji uliojengwa hivyo lazima uwe na mtu wa kuchemsha maji. Wakuu wa mji walilijua hilo vizuri, wakanung'unika kwenye barua zao na kuendelea kuajiri. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliobomolewa nyumba zao ni pamoja na wanawake hawa waliokuwa wakiwapikia wafanyakazi wa mji huo. Yaani biashara ilikubalika, kodi ilikubalika, chai ilikubalika. Hakukuwa na jina la kuyakubalia.

Kanuni ya umbali imeandikwa hata kwenye sheria, na sheria hiyo haikutungwa huku. Uingereza ilipitisha mwaka 1824 sheria ya wazururaji iliyomtaja "kahaba wa kawaida", kana kwamba palikuwa na kahaba maalumu aliyepewa msamaha. Kimsingi palikuwa naye: yule wa ndani, mwenye mlango. Fikra hiyo ikapanda meli pamoja na kanuni nyingine za makosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 176, bado inamweka kahaba anayezurura hadharani kwenye orodha moja na ombaomba na wacheza kamari. Kenya, vifungu vya 153 na 154 vinawaandama wanaoishi kwa mapato ya ukahaba, na barabara zimeachiwa sheria ndogo za miji. Waingereza wenyewe waliufuta msemo wa "kahaba wa kawaida" katika sheria yao mwaka 2009. Sisi tumeutunza, kama tulivyotunza mawigi ya majaji.

Kwa hiyo mshtakiwa akisimama kizimbani haulizwi alifanya nini kitandani. Anaulizwa alisimama wapi, saa ngapi, amevaa nini. Sheria inakamata miguu. Ndiyo maana majina makali zaidi ya biashara hii ni majina ya mahali: Dar es Salaam ukitaja Uwanja wa Fisi, Manzese, huhitaji kuongeza neno; Nairobi wanataja Koinange, na kila mtu anacheka isipokuwa, pengine, ukoo wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, ambaye mtaa ulipewa jina lake kwa heshima na hakuulizwa kuhusu matumizi ya usiku.

Majina ya wenye kalamu

Mpaka sasa tumetaja majina yaliyotoka mitaani. Yako mengine yanayotoka kwenye meza, na haya yana tabia yake.

La kwanza ni la mwandishi wa habari. Picha mnaijua: karandinga limesimama, taa ya kamera inawaka, na wanawake wanashuka mmoja mmoja wakiwa wameficha nyuso kwa kanga na jaketi, mmoja ameshika viatu mkononi kwa kuwa kisigino kimevunjika wakati wa kukimbia. Sauti ya mtangazaji inasema kuwa hao ni "wanawake wanaodaiwa kujihusisha na biashara haramu ya kuuza miili yao". Msemo huu unahitaji kuchunguzwa kibiashara. Bidhaa imeuzwa, fedha imepokelewa, na bado muuzaji anaonekana waziwazi kwenye televisheni akiwa nayo yote, mpaka kucha. Mnunuzi aliyerudi nyumbani mikono mitupu hajafungua kesi ya utapeli. Mtaalamu wa biashara angesema hapa hakuna mauzo, kuna huduma. Lakini jina la "kuuza mwili" linabaki kwa sababu linafanya kazi moja muhimu: baada ya kusema mtu ameuza mwili wake, hatuna tena wa kumuuliza anaumia wapi.

La pili ni la daktari. Tangu mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada viliendesha utafiti na wanawake wa Majengo, Pumwani, eneo lilelile la wazee wa Luise White. Frank Plummer na wenzake wakagundua kwamba baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa VVU ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Ghafla wanawake walioitwa malaya na jirani, wazururaji na polisi, na wenye dhambi na mchungaji, wakawa tumaini la wanasayansi waliotafuta chanjo. Hawakuhama nyumba. Hawakubadilisha kazi. Kilichobadilika ni nani ana shida nao.

La tatu lina mwasisi anayejulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Carol Leigh, mwanamke wa San Francisco aliyeifanya kazi hiyo, aliingia kwenye mkutano wa wanaharakati akakuta kikao kimepewa jina lililozungumzia namna wanaume wanavyowatumia wanawake. Akapendekeza lizungumzie kazi ambayo wanawake wanaifanya. Likazaliwa jina la kazi ya ngono. Shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI limelichukua, na miongozo yake ya istilahi ya mwaka 2011 hata ilikataa neno "biashara" kutangulizwa mbele yake. Kwetu likashuka kama mfanyakazi wa ngono, mfanyikazi kwa ndugu zetu wa Kenya, na hatimaye likaingia M-WA kwa mlango wa mbele.

Jina hili huja na vifaa vyake: bango la kitambaa, chupa ya maji, daftari lenye nembo, nauli, na fomu ya mahudhurio ya kutia saini ukiondoka. Wapo wanaolicheka kwa sababu hiyo. Mimi silicheki sana. Kwenye dirisha la kliniki, muuguzi aliyefundishwa kusema mfanyakazi wa ngono hapigi kelele ya malaya kwenye foleni, na mwanamke ambaye hakutukanwa mara ya kwanza hurudi mara ya pili kuchukua dawa. Mwenzake aliyeitwa mwelimishaji rika ana kitambulisho shingoni, na kitambulisho katika nchi zetu ni kitu. Hayo ni manufaa yanayogusika.

Ila yana mpaka, na mpaka huo unaonekana kwenye pakiti ya kondomu. Ikiwa mkononi mwa wizara ya afya inaitwa kinga, na inagawiwa bure. Saa sita usiku, pakiti hiyohiyo ikipatikana kwenye mkoba wa mwanamke aliyesimama kando ya barabara, inaweza kuitwa kielelezo. Ripoti ya mwaka 2012 ya wakfu wa Open Society iliitaja Kenya miongoni mwa nchi ambazo polisi walizitumia kondomu hivyo. Serikali moja, mpira mmoja, majina mawili, na mwenye mkoba anatakiwa ajue jina gani linatumika saa hiyo.

Mtaani, lililofanya kazi zaidi ni dada poa. Halikutoka kwenye mwongozo wowote, lina udugu ndani yake, na bodaboda analitamka bila kutema mate. Hata hivyo nina wasiwasi nalo. Dada poa anapewa upole tu. Mfanyakazi, kwa upande wake, ni jina lenye madai: mfanyakazi ana saa za kazi, ana haki ya kutopigwa kazini, ana mfuko wa hifadhi ya jamii, anaweza kugoma. Nadhani ndiyo maana wengi wanaodai kwamba neno hilo "halina ladha ya Kiswahili" hawana tatizo na mfanyakazi wa ndani, mfanyakazi wa benki wala mfanyakazi hewa. Ladha wanayoikosa ni ya kuhurumia.

Pengo

Mtafiti hupaswa kueleza pia asichokipata. Katika sampuli zetu zote, anayelipa kwa saa hana jina. Danga, buzi, sponsa na mubaba ni wa malipo marefu. Wa saa moja ni "mteja" tu, neno analoshirikiana na watu wanaokwenda benki. Ni neno safi, halina harufu, na wamiliki wa mitandao ya simu wamelimaliza kabisa: mteja hapatikani kwa sasa. Ndivyo ilivyo hata kwenye taarifa ya habari tuliyoitaja. Karandinga lilikuwa na nafasi, biashara ilikuwa ya watu wawili, na mteja hapatikani.

Uswidi walijaribu kuliziba pengo hili kwa sheria. Tangu Januari 1999 kununua ngono ni kosa huko, kuuza si kosa. Kama hilo limewasaidia wanawake au limewasukuma gizani zaidi ni ugomvi ambao haujaisha, na wanawake wengi wanaoifanya kazi hiyo wamesimama upande wa pili wa watunga sheria. Kwa taaluma yetu kinachovutia ni samaki. Dar es Salaam changu doa ni samaki mwenye doa jeusi ubavuni, na jina lake amebandikwa muuzaji. Kwenye misimu ya Kiswidi mnunuzi ndiye anayeitwa samaki: torsk, chewa wa bahari ya baridi. Bahari mbili zimefika kwenye wazo lilelile la kumfanya mmoja wao kitoweo, zikatofautiana nani aende sahanini. Napendekeza uvuvi linganishi uwe tawi rasmi.

Wanaume wanaolipwa wao tutawapitia haraka, kama jamii inavyowapitia. Marioo analelewa na mwanamke. Kibenteni ni kijana wa mama mtu mzima. Bich boi wa Mombasa ametajwa kwa ufuo, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuwa anaogelea. Kaka poa ndiye pekee anayetajwa kwa ukali, na ukali huo unatokana na mambo mengine. Waliobaki wanaitwa kwa mzaha, na mama aliyewalipa huitwa mtalii.

Majina waliyojiandikisha

Limebaki kundi moja la majina, nalo ni la wanawake wenyewe. Wakiwa wao kwa wao husema "kazi", au "naenda job", na hawaongezi neno. Lakini ofisi ya msajili haipokei neno moja. Kenya, mwaka 1998, wanawake waliofanya kazi baa walianzisha shirika la haki zao na kuliita la wahudumu wa baa. Shirika hilo, BHESP, linajulikana hivyo hadi leo. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Baamedi tayari anadhaniwa na kila mlevi, kwa hiyo jina lilisema yote bila kusema kitu. Baadaye Kenya ukaja muungano uliothubutu kuandika kazi ya ngono kwenye jina lake, KESWA.

Uganda mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa ukahaba wenyewe ni kosa la jinai, na mwaka 2010 waziri wa maadili alipiga marufuku mkutano wa wafanyakazi wa ngono uliokuwa ufanyike hotelini. Huko shirika moja, WONETHA, lina jina refu linalozungumzia wanawake, mtandao na haki za binadamu, na ukilisoma mara tatu hutaona ngono ndani yake. Lingine limejiita Lady Mermaid, yaani Bibi Nguva.

Hapo uainishaji wetu unashindwa kwa heshima. Nguva wa hadithi ni mwanamke kuanzia kiunoni kwenda juu na samaki kwenda chini. Hawezi kujitembeza, kwa sababu hana miguu, na sheria zote tulizozipitia zinakamata miguu. Uganda nayo haina bahari, na katika kanuni yake ya adhabu sijaona kifungu kinachomhusu nguva.